Moyo Wangu Haukukimbia kwa Kelele Zako

Mwanangu Riziki,

Umekwenda Kavimvira kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Basi nina saa nzima, labda na zaidi. Nimefunga duka mapema, nimekaa uani kwenye kiti cha marehemu baba yako, na nimechana karatasi katikati ya daftari jipya. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke. Minye ni muntu wa mdomo, kalamu hainipendi. Lakini kuna maneno ambayo nikijaribu kukuambia uso kwa uso ninaishia kugombeza, kiisha weye unacheka, kiisha yanapotea.

Sitakuandikia habari za koti wala za chakula. Saa za swala utawauliza Waislamu wa huko Ufaransa, na baridi itajieleza yenyewe. Shangazi yako atakuwa amekupa mawaidha ya kutosha, hata ya wanaume, mama wee, maana kwa hayo hachoki.

Ninaandika juu ya neno la jana. Ulikuwa umepiga magoti unakunja nguo, ukasema bila kunitazama: "Mama, neno moja tu. Ukisema moyo umekimbia tena, hata mara moja, minye ninabaki. Ile kazi ya Ufaransa watapata muntu mwingine." Nikaenda jikoni kuangalia maharagwe, na yale maharagwe hayakuwa na shida yoyote. Weye ukadhani tumekubaliana.

Hatujakubaliana. Nilinyamaza kwa aibu. Minye ndiye niliyekufundisha kusema vile. Nilikufundisha ukiwa mdogo kwamba moyo wa mama yako umefungwa kwako, na weye ukijitikisa, unakatika. Ukivuka mpaka kesho asubuhi na fundisho hilo ndani ya sanduku, hata ukifika Ufaransa utakuwa bado umesimama hapa uani, umeshika beseni.

Nianzie mbali kidogo. Moyo wangu ulianza kukimbia nikiwa msichana, kabla ya baba yako, kabla yako. Unakuja ghafla. Niko ninapima kitambaa, mara kifua kinatetemeka, shingo inadunda, magoti yanalegea. Dakika kumi, siku nyingine saa. Kiisha unatulia ghafla vilevile, kama muntu amezima redio. Majirani hapa mtaani Kilibula kila mmoja alikuwa na lake. Huyu anasema pepo, yule anasema woga, mwingine anasema damu imezidi. Mama yangu, nyanya yako, hakubishana na muntu. Alijaza beseni maji ya baridi, akaniambia, "Tumbukiza uso, zuia pumzi." Na mara nyingi ulitulia. Miaka mingi baadaye dokta alicheka sana aliposikia. Alisema ni dawa ya kweli, inafundishwa hata kwenye vitabu vyao. Ningependa nyanya awe hai asikie hilo, maana angetutambia mpaka Idi.

Nyanya alipofariki, beseni likawa lako. Ulikuwa na miaka sita. Ulilijaza kabla sijamaliza kuita "Riziki." Kiisha unashika mkono wangu hapa chini ya kidole gumba, saa ya baba yako umeiweka kwenye goti, unahesabu kwa midomo bila sauti. Mtoto wa miaka sita hapaswi kuujua mkono wa mama yake namna ile. Uliujua, na niko hai. Aksanti. Nimeshukuru wateja, nimeshukuru madereva, nimemshukuru hata yule mbuzi wa jirani siku alipoacha kula kanga zangu, na hilo sikuwahi kukuambia weye.

Sasa lile linalonichoma.

Ulikuwa na miaka minane. Wanawake walikuwa wamejaa hapa uani wanajiandaa kwa maulidi, na wasichana wakubwa walikuwa wamekufundisha kupiga dufu. Walikufundisha kidogo tu, yaliyobaki uliyatoa kwa Mungu. Mkono wako ulikuwa mwepesi, wakubwa wakawa wanakufuata weye. Nilisimama mlangoni na sahani ya kashata nikakuona unapiga huku umefumba macho, mdomo wazi, meno mawili ya mbele hayako. Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Na hapo hapo moyo ukaanza. Nikaangusha sahani. Nikaogopa, nikaona haya mbele ya watu, na ule woga na ile haya nilivitupa kwako. Nilisema kwa sauti: "Huyu mutoto na ngoma yake ataniua!"

Ukaliweka dufu chini polepole, kama ni yai. Ukaenda kujaza beseni. Hukulishika tena.

Tangu siku ile nyumba yetu ikawa kimya. Ukawa unafunga mlango wa bati kwa mikono miwili ili bati lisilie. Ukawa unacheka kwa pua. Mama wa nyumba ya pili akawa ananiambia, "Mama Riziki, mutoto wako iko na adabu! Hata haumusikii." Nami ninajibu, "Alhamdulillahi," kifua mbele, kana kwamba nimefanya kazi kubwa. Ninaona haya hata kuandika.

Na kuna zaidi, nalo hulijui. Kuna siku moyo haukukimbia. Weye na binamu zako mlikuwa mnapiga makelele, minye nimetoka sokoni nimechoka, kichwa kinauma, nikaweka tu kiganja kifuani. Mara moja mkanyamaza wote. Ukaja na beseni, nikatumbukiza uso kwenye maji, mzima kabisa, ili nisionekane mwongo. Nilifanya hivyo mara tatu. Labda nne. Nilikuona unanihesabu mapigo, unakunja uso, hesabu haikubaliani na ulichokijua. Hukuuliza. Ulimwamini mama kuliko vidole vyako.

Nisamehe. Ninaandika neno hili hapa katikati ya karatasi kwa sababu nikilingoja mwisho nitapata kisingizio.

Unakumbuka daftari lako? Hujui kwamba nililiona. Ulikuwa kidato cha pili, minye natafuta kiberiti chini ya godoro lako, nikalipata. Ulikuwa umelipiga mistari kwa rula: siku, saa, ulianzaje, umeishaje, mapigo mangapi. Nikajisemea, huyu mutoto ana akili ya kikatibu. Kiisha nikaona safu ya mwisho. Juu yake umeandika "Nilifanya nini." Chini: Nilicheka. Niliangusha sufuria. Nilimjibu. Niliimba nikifua. Ukurasa baada ya ukurasa. Siku moja umeandika: "Sikufanya kitu. Labda niliwaza vibaya."

Nilikaa sakafuni. Na unajua nilifanya nini, Riziki? Nililirudisha chini ya godoro, nikalinyoosha shuka, nikaenda kupika. Muntu mzima, ninayebishana na maafisa wa mpaka bila kupepesa jicho, nilishindwa kumwambia mtoto wangu maneno matatu: si kosa lako.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Minye nilikuwa ninaficha mawili, la moyo na la mdomo. La moyo likaniumbua Kavimvira, kwenye foleni ya mpaka, na robota la vitenge kichwani. Nilianguka. Ninashukuru watu wa mpakani ambao siku zote ninawasema vibaya. Walinibeba, wakanivusha hadi Bujumbura bila kuniuliza karatasi hata moja. Weye ukaja jioni na sare ya shule, umelala kwenye basi umesimama, na daftari lile kwapani.

Dokta aliangalia michoro ya mashine, kiisha akasoma daftari lako lote, ukurasa kwa ukurasa. Akauliza, "Nani aliandika hii?" Ukajibu kwa sauti ya panya, "Ni minye." Akasema: "Unaanza ghafla, unaisha ghafla. Umeandika hivyo kila mara. Hii peke yake ingenionyesha njia kabla ya mashine." Akatueleza. Umeme wa moyo una mahali pamoja pa kupita kutoka juu kwenda chini. Minye nilizaliwa na kijia cha pili, chembamba, pembeni. Umeme ukishuka kwa kimoja ukapanda kwa kingine, unazunguka, unazunguka, na moyo unaufuata mbio.

Weye hukuuliza dawa. Ulifungua safu ya mwisho ukamwonyesha kwa kidole. "Na hii, dokta? Kelele?"

Yule mzee, Mungu amlipe, hakukucheka. Alichukua kalamu yake akapiga mstari juu ya safu yote. Akasema: "Mshtuko unaweza kuuamsha siku moja. Kikohozi pia, kuinama pia, na siku nyingine hakuna kitu kabisa. Lakini kijia hiki mama yako alikuwa nacho tumboni mwa mama yake. Weye ulikuwa hauko." Ukalia. Ulilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu ulipokuwa na miaka minane, wauguzi wakachungulia. Na minye, mama yako, nilimuuliza dokta nitakaa siku ngapi mbali na duka.

Pale ndipo mahali pa msamaha palipokuwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Niliuliza habari za duka.

Yaliyofuata unayajua, lakini niache niyashukuru. Wanawake wa sokoni walionichangia, hata yule tuliyekuwa hatusalimiani naye juu ya mteja mmoja. Mjomba wako aliyenipeleka Nairobi, hajui Kiingereza, anamwambia kila muntu "bonjour." Waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani, wakaupandisha mpaka ndani ya moyo, wakakichoma kile kijia kwa ncha yake. Nilirudi nyumbani Uvira nimekuwa muntu mpya. Wiki tatu. Kiisha siku moja ninakunja kitenge, kifua kikaanza.

Minye nililia kama nimefiwa. Weye hukulia. Ulimpigia dokta wa Nairobi, ukamuuliza swali moja: "Moto ulifika wapi?" Akakueleza kwamba huenda ulifika karibu tu, nyama ikavimba, umeme ukakatika kwa muda, kiisha uvimbe ukaisha na kijia kikaamka. Ukauliza: mngejuaje mapema? Akasema, hapo ndipo penye kazi. Mara ya pili walichoma tena, na tangu hapo, miaka minne sasa, haujakimbia. Lakini naona lile swali hukulirudisha kwake. Uliondoka nalo.

Sikuelewa unasoma nini chuoni mpaka siku ile uliponikuta ninapiga pasi. Ukasema: "Mama, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Ukigusa kidogo, kunjo linarudi. Ukikandamiza sana, unatoboa kitambaa. Na moyo haukai kwenye meza, unapiga, na damu inapita pale inapoza moto. Njo maana tunajenga moyo ndani ya ordinateri, kompyuta yetu, kwa hesabu, tunauchoma humo kwanza, tuone moto utafika wapi, kabla dokta hajamgusa muntu." Nikakujibu: "Kwa hiyo weye unakwenda Ufaransa kupiga pasi?" Ukacheka. Ukacheka kwa mdomo mzima, Riziki, mpaka ukashika meza. Nilisimama pale pasi mkononi, nikamshukuru Mungu kimyakimya, na kitenge cha mteja kikaungua. Nilikuambia ni umeme uliruka. Haikuwa umeme.

Sasa nikuambie la wiki hii, maana sitaki ulisikie kwa muntu mwingine. Jumatatu, nikiwa sokoni, moyo uliruka. Mara mbili. Haukukimbia. Uliruka, ukapotea kidogo, ukarudi kwenye mwendo wake. Weye ndiye uliyenifundisha tofauti yake. Jumanne nilikwenda mwenyewe kwa dokta wetu wa hapa mjini, hakuna aliyenisukuma. Alinipima, akaiangalia karatasi ya mashine, akasema kile kijia hakionekani, na kuruka kule hata moyo wake mwenyewe huruka akinywa kahawa. Karatasi iko ndani ya kabati, juu ya sahani za wageni. Itazame kwa macho yako kabla hujalala. Sikudanganyi, nilitaka kuificha. Nilishaanza kuikunja. Kiisha nikaona ninakwenda kurudia yaleyale, safari hii kwa kunyamaza.

Basi hili ndilo patano langu, si lile la jana. Moyo ukikimbia, nitakuambia siku ileile, kweli tupu, bila kupunguza na bila kuongeza. Na weye utabaki kwenye kazi yako. Nitakwenda kwa dokta kwa miguu yangu au kwa pikipiki. Mjomba wako yuko, majirani wako, beseni liko. Ukija likizo, karibu, nyumba yako. Lakini ukija kwa kukimbia, na uso ule wa mtoto wa miaka minane, nitakufungia mlango. Unanijua.

Sina hekima nyingi ya kukupa, mwanangu. Nina hii moja tu, nayo imenichukua muda mrefu kuipata. Siku utakapokosea, na utakosea maana umezaliwa na minye, lisemee kosa lako siku ileile, likiwa bado dogo. Minye nililiacha likue, ona sasa nimetumia karatasi ngapi. Na woga wako usimpe mdogo akubebee. Anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa mwanafunzi wako, anaweza kuwa huyo anayekufagilia ofisi. Mdogo hakatai mzigo. Anauchukua, anakwenda nao, na weye unamsifu kwa adabu.

Kuna jambo la mwisho. Dokta wa Nairobi alinipigia juzi. Alisema wakubwa wako wapya wa kule Ufaransa walikuomba picha za moyo wangu, za mara zote mbili, ule moto ulioshindwa na ule uliokubali, ili wapime kama hesabu zenu zingejua mapema. Akasema picha za muntu mmoja zenye majibu yote mawili hazipatikani ovyo. Na akasema weye ulikataa. Uliwaandikia kwamba mama yako asisumbuliwe.

Mama yako amesumbuliwa. Dokta alileta karatasi ya ruhusa kwenye simu, kijana wa sekreteria ya mtaani, kile kibanda cha kuchapa, akaichapa, nikaisoma yote kwa miwani, nikauliza maswali matatu, nikatia sahihi. Leo asubuhi dokta ameniambia picha zimeshatumwa. Utazikuta kule.

Kwa hiyo sasa nina mioyo miwili. Huu wa hapa ni wangu, nitautunza minye mwenyewe, na Mungu. Ule wa ordinateri ni wako. Uchome unavyotaka, uukandamize sana, uutoboe, uanze tena. Na siku utakapousimamisha kwa bahati mbaya, usishtuke, usinipigie simu. Minye nitakuwa sokoni ninabishana na mteja juu ya kitenge, na sitasikia kitu.

Mama yako anayekushukuru,
Mwavita